Mchezaji wa nane yuko wapi? Netiboli ya wasichana Mwanza inakosa kina

Netiboli huchezwa na wachezaji saba kwa kila upande, na kikosi kamili cha mashindano makubwa huwa na wachezaji 12. Anayetaka kujua hali halisi ya mchezo huu katika shule za Mkoa wa Mwanza asianze kwa kumtazama mfungaji hodari ambaye kila afisa michezo anamjua kwa jina. Amtazame mchezaji wa nane, yule anayepaswa kuingia senta anapoteguka kifundo cha mguu katika robo ya pili. Katika shule nyingi za sekondari za kata mchezaji huyo hayupo, au yupo kwa jina tu: ameazimwa asubuhi hiyo hiyo kutoka timu ya mpira wa mikono, akabandikwa herufi za WD, yaani mlinzi wa pembeni, kifuani, na hajui vizuri eneo lake la kuchezea linaishia wapi.

Ninaandika haya nikiamini kwamba vipaji vya wasichana katika mkoa huu havijapungua hata kidogo. Kinachopungua ni idadi ya wasichana wa kawaida, wasio nyota, wanaocheza mara kwa mara na kwa miaka mfululizo. Hao ndio wanaoipa timu kina, kwa sababu ndio wanaomsukuma nyota mazoezini, ndio wanaoziba pengo anapoumia, na ndio watakaokuwa waamuzi na walimu wa michezo baada ya miaka kumi. Sensa ya mwaka 2022 iliipa Mwanza watu wapatao milioni 3.7. Mkoa wenye watu wengi kiasi hicho haupaswi kuhangaika kupata wasichana 12 wa kuuwakilisha, na kama unahangaika, kasoro iko katika mpangilio wetu wa mashindano na si kwa watoto.

Kasoro hiyo haionekani kwa urahisi kwa sababu michezo ya wanawake nchini imekuwa na miaka mizuri, hasa katika soka. Mwaka 2022 timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India, ikaifunga Ufaransa mabao 2-1 na kutoka sare ya 1-1 na Kanada kabla ya kutolewa na Kolombia. Twiga Stars, iliyokuwa imecheza fainali za Afrika mara ya kwanza mwaka 2010, ilirudi katika fainali hizo zilizochezwa Morocco mwaka 2025. Ligi Kuu ya Wanawake ipo tangu msimu wa 2016/17, na hapa kwetu Alliance Girls imewaonyesha mabinti wa Mahina na Igoma kwamba mtu anaweza kutoka shuleni akaingia moja kwa moja katika ligi ya taifa. Nayafurahia mafanikio hayo bila kinyongo, na sina haja ya kuona soka ya wasichana ikirudi nyuma ili netiboli ipone. Lakini ukikaa pembeni ya uwanja wakati wa mashindano ya shule utagundua kuwa GA wa netiboli, yaani mshambuliaji anayeruhusiwa kufunga, ndiye winga wa kulia wa soka, na ndiye pia anayetegemewa katika mbio za mita 400. Ratiba zinapogongana, walimu wawili humvutana msichana mmoja, na mashindano yakiisha anarudi darasani akiwa na uchovu wa timu tatu. Tumeongeza aina za michezo bila kuongeza wachezaji. Katika orodha za ushiriki inaonekana kwamba wasichana wameongezeka, kumbe majina ni yale yale yaliyoandikwa kwenye karatasi tofauti.

Mpangilio wenyewe unajulikana na kila aliyewahi kuwa mwalimu wa michezo. Msimu huanza baada ya shule kufunguliwa Januari, shule hucheza ngazi ya kata au tarafa, kisha wachezaji huchaguliwa kuunda kombaini ya wilaya, kisha kombaini ya mkoa, na katikati ya mwaka kombaini hiyo husafiri kwenda mashindano ya shule ya kitaifa, UMITASHUMTA kwa shule za msingi au UMISSETA kwa sekondari. Mwanza yenyewe imewahi kuwa mwenyeji wa mashindano hayo, na waliokuwepo wanakumbuka jinsi viwanja vilivyojaa. Ni mashindano muhimu, na yalipositishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo nchini ilipata jeraha ambalo wengi wetu tunaamini lilichukua zaidi ya muongo mmoja kupona. Tatizo langu ni kwamba tumeyageuza kuwa msimu mzima, wakati yalipaswa kuwa kilele cha msimu.

Hesabu yake ni rahisi na inasikitisha. Tuchukue shule 16 zinazocheza kwa mtoano. Michezo yote itakuwa 15. Shule nane zitacheza mchezo mmoja na kurudi nyumbani, nne zitacheza miwili, mbili zitacheza mitatu, na mbili za fainali zitacheza minne. Kwa wasichana saba kwa kila shule, wameingia uwanjani wasichana 112, na 56 kati yao, yaani nusu kamili, wamecheza robo nne za dakika 15, saa moja tu ya mashindano kwa mwaka mzima wa masomo. Mwalimu aliye na mchezo mmoja wa kufa au kupona hawezi kumjaribu mchezaji wa nane, kwa hiyo atawapanga saba wake bora mpaka kipenga cha mwisho, na yule wa nane ataondoka uwanjani akiwa amevaa jezi safi. Mwaka unaofuata hatajiandikisha tena, wala sioni sababu ya kumlaumu.

Sasa zigawe shule hizo hizo 16 katika makundi manne ya shule jirani, kila shule ikutane na wenzake nyumbani na ugenini. Kila timu itapata michezo sita na jumla itakuwa michezo 48, bila mtoto yeyote kulala nje ya kwao. Mwalimu mwenye michezo sita anaweza kupoteza miwili na bado akabaki na sababu ya kufanya mazoezi, na ndani ya michezo hiyo atalazimika kuwatumia wachezaji tisa, kumi, hata kumi na wawili, kwa sababu mmoja ataumwa, mwingine atakuwa na msiba, na mwingine atakuwa amepelekwa Sengerema kumuuguza bibi yake. Kina cha timu hujengeka hivyo, kwa ulazima wa ratiba ndefu. Kambi ya wiki mbili, hata ikiongozwa na kocha bora kuliko wote, haiwezi kuumba wachezaji ambao hawakuwahi kupewa nafasi ya kukosea.

Kuna pengo jingine ambalo hutajwa mara chache, nalo ni lile kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza. Msichana wa darasa la saba hucheza mashindano yake ya mwisho kabla ya Juni. Baada ya hapo shule humwondoa kiwanjani ili ajiandae na mtihani wa Septemba, kisha hukaa nyumbani hadi Januari, kisha anaingia sekondari ambako hakuna anayemjua. Mwezi wa tatu au wa nne, timu ya shule inapochaguliwa, anashindana na wasichana wa kidato cha tatu na cha nne walio wakubwa kwake kwa miaka miwili au zaidi, na mara nyingi anaachwa. Akija kupata nafasi, pengine akiwa kidato cha pili kama mitihani ya taifa ya mwaka huo haijamzuia, amekaa miaka miwili bila mchezo wowote wa ushindani, katika umri wa miaka 13 hadi 15, umri ambao mwili unabadilika na aibu inaongezeka. Wavulana nao wana pengo hilo, lakini mvulana ana kiwanja cha mtaani kinachomsubiri kila jioni, kutoka Mabatini hadi Igombe, na timu za mtaa hazimuulizi yuko kidato cha ngapi. Msichana hana mahali pa namna hiyo. Shule ikimwacha, mchezo umemwacha.

Kuhusu viwanja, Mwanza ina ugumu wake wa asili. Mji huu umejengwa juu ya mawe na vilima, na shule za Isamilo, Igogo na Bugando zimebanwa kati ya mwamba na nyumba za watu. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 idadi ya wanafunzi imepanda kwa kasi, na madarasa mapya yanapohitajika, eneo tambarare la kwanza kutazamwa ni kiwanja cha michezo. Sipingi madarasa, kwa kuwa hakuna mzazi anayetaka mwanawe asome chini ya mwembe. Lakini uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, yaani chini kidogo ya mita za mraba 466, na ndani ya uwanja mmoja wa soka wa mita 105 kwa 68 unaweza kuchora viwanja 12 vya netiboli. Nguzo mbili za mita 3.05, chokaa na mpira mmoja vinatosha. Kwa mji wa mawe kama wetu, huu ndio mchezo ungepaswa kulindwa kuliko yote, na mhandisi wa halmashauri anapochora ramani ya shule mpya angeanza kwa kulitenga eneo hilo dogo kabla ya jengo la kwanza. Kinachofanyika mara nyingi ni kuchora netiboli pembezoni, kwenye mteremko au kwenye changarawe, na kwa kuwa kanuni za mchezo zinamtaka mchezaji asimame ghafla anapodaka mpira, magoti na vifundo vya miguu vya wasichana wetu ndivyo vinavyolipa gharama.

Sasa nije kwa jambo ambalo naliona zito kuliko viwanja na ratiba, ingawa halina suluhisho la haraka. Wazazi wengi wa mwambao huu hawauchukii mchezo. Wanahofia saa na watu. Shule ya kutwa hutoka alasiri, mazoezi yanaanza saa kumi na kwisha karibu saa kumi na mbili, na msichana anayeishi mbali anafika nyumbani giza limeingia, wakati maji hayajachotwa na wadogo zake hawajala. Mama anayeanika dagaa mchana kutwa hawezi kumvumilia binti anayerudi usiku mara tatu kwa wiki, na baba anayesikia kwamba timu italala wiki mbili katika mji mwingine, ikisimamiwa na wanaume asiowajua, ana haki ya kuuliza nani atakuwa na mwanawe usiku. Ni swali la mzazi makini, na kulijibu kwa kumwita mtu mwenye mawazo ya kizamani ni kumkosea. Visa vya wasichana kusumbuliwa na watu waliopewa dhamana ya kuwalea vimetokea katika michezo duniani kote, na kila kisa kinaposikika mtaani, wazazi kumi wengine humwondoa binti yao bila kueleza sababu. Mwalimu wa kike anayeaminika, anayejulikana kwa wazazi kwa jina na kwa uso, anaweza kuokoa wachezaji wengi kuliko seti mpya ya jezi.

Hapo ndipo ukosefu wa kina unapojizaa upya. Wasichana wachache wanaocheza leo maana yake ni walimu wa kike wachache wa michezo kesho, na walimu wa kike wachache maana yake ni wazazi wachache watakaokubali. Wapo pia wasichana wanaoacha kwa sababu ambazo hawawezi kumwambia mwalimu wa kiume, kuanzia hedhi hadi aibu ya kuvaa sketi fupi mbele ya kundi la wavulana. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa mwaka 2018 na kurejeshwa mwaka uliofuata, na kwa familia nyingi bidhaa hiyo bado inasubiri mambo mengine yalipiwe kwanza. Shule inayoruhusu suruali ndefu ya michezo na hijabu, na inayoweka maji na mlango unaofungika kwenye choo cha wasichana, imefanya kazi ya ukocha hata kama haijanunua mpira.

Hata anayevuka vikwazo vyote hivyo anafika mwisho wa barabara mapema. Timu zinazotajwa sana katika netiboli ya watu wazima nchini ni za taasisi, kama JKT Mbweni na Uhamiaji, ambazo huwapa wachezaji ajira na nidhamu ya mazoezi. Nazipongeza, maana bila hizo mchezo ungekuwa umelala kabisa. Hata hivyo binti wa Ukerewe aliyemaliza kidato cha nne na ambaye hakuchaguliwa na taasisi yoyote hana klabu ya kumpokea, na kwa umri wa miaka 18 amekuwa mchezaji mstaafu.

Upande wa pili wa ziwa kuna mfano ambao hatuwezi kuupuuza. Uganda ilimaliza nafasi ya nane katika Kombe la Dunia la netiboli mwaka 2015, ya saba mwaka 2019, na ya tano mwaka 2023 huko Cape Town. Katika mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, shule zao kama St. Mary's Kitende na Buddo zimekuwa zikitamba kwa miaka mingi. Peace Proscovia alitoka katika netiboli ya nyumbani akaenda kucheza ligi za Uingereza na Australia, na baada yake wamefuata wengine, akiwemo Mary Nuba. Ukimtoa mmoja, mwingine anaingia, na mpinzani haoni tofauti kubwa. Hawa ni watu wanaokula samaki wa ziwa lile lile tunalovua sisi, na sina sababu ya kuamini kwamba mabinti zao wana miguu myepesi kuliko ya mabinti wa Magu.

Kwa upande wetu tuna mfano mwingine wa kututahadharisha, ambao vijana wengi hawaujui. Mwaka 1980 Tanzania ilipeleka timu ya wanaume ya mpira wa magongo katika Olimpiki ya Moscow, mashindano ambayo mataifa mengi yaliyasusia. Ilikuwa moja ya timu sita, ikamaliza ya sita, na India iliifunga mabao 18-0. Jina letu liliandikwa katika historia ya Olimpiki, lakini chini ya timu ile hapakuwa na shule zilizokuwa zikicheza magongo kila wiki, na hadi leo mchezo huo umebaki kwa watu wachache katika miji michache. Msichana wa Misungwi ukimwonyesha gongo atakuuliza ni la kazi gani. Mchezo unaweza kufika kileleni ukiwa mwembamba kiasi hicho, lakini hauwezi kubaki hapo, na netiboli yetu, ambayo bado inajulikana katika kila shule ya nchi, isiachwe ifike mahali pa kukumbukwa kwa safari moja.

Yapo mambo ambayo mkoa unaweza kuyafanya bila kusubiri waraka kutoka Dodoma. Wilayani Kwimba kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, na mjini kipo Chuo cha Ualimu Butimba, ambacho kwa miaka mingi kimefundisha walimu wa michezo na sanaa. Wanachuo wa kike wa vyuo hivyo wanahitaji mazoezi ya vitendo, na shule zinahitaji waamuzi na makocha wa kike. Sijaona sababu ya msingi kwa nini kila kundi la shule nne lisipewe wanachuo wawili kwa muhula mmoja. Michezo ichezwe Jumatano au Ijumaa mchana, ndani ya saa za shule, ili binti awe nyumbani kabla jua halijazama.

Wapo watakaosema muda huo ni wa masomo. Walimu wakuu wanapimwa kwa matokeo ya mitihani, na wazazi wanalipia tuisheni hadi Jumamosi, kwa hiyo hofu yao naielewa. Lakini saa moja na nusu kwa wiki, kwa wiki nane, haijawahi kumfelisha mtoto anayefundishwa vizuri siku nyingine zote, na msichana anayejua kwamba Jumatano ana mchezo ana sababu ya ziada ya kufika shuleni.

Fedha ni ngumu zaidi. Ruzuku ya uendeshaji ni Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na Sh25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, na ndani yake kuna chaki, karatasi na matengenezo. Ndiyo maana napendekeza makundi ya shule zinazofikika kwa miguu au kwa nauli ndogo ya daladala, na ndiyo maana naamini sehemu ya fedha zinazotumika kwa kambi za mwisho ingehamishiwa huku chini. Kombaini ya mkoa ikikaa kambini siku chache pungufu haitaharibika, hasa ikiwa wachezaji wake wamekwisha kucheza michezo sita au zaidi kabla ya kuitwa. Kwa Ukerewe na visiwa vidogo hesabu ni tofauti, kwa sababu huko nauli ni ya boti au kivuko, na halmashauri italazimika kuwalipia moja kwa moja au kuwapa ratiba yao wenyewe ndani ya kisiwa.

Maofisa michezo nao waombwe taarifa ya aina nyingine. Badala ya kuandika tu kwamba mkoa umeshika nafasi fulani, kila halmashauri itaje ni wasichana wangapi tofauti, wakihesabiwa mara moja tu hata kama wanacheza michezo mitatu, waliocheza angalau michezo mitano ya netiboli katika mwaka. Takwimu hiyo ndiyo itakayotuambia kama tunapanda au tunashuka, na mwalimu yeyote mwenye daftari anaweza kuikusanya. Ratiba ianze Februari, wasichana wapya wa kidato cha kwanza wakiwa wamekwisha kuzoea shule, na kanuni ya kundi iitake kila timu kupanga wawili wao katika kila mchezo kwa robo zisizopungua mbili, hata kama kufanya hivyo kutawagharimu magoli.